Ukitaka kuwa mtafiti wa ovari, anza na tarehe

Vijana wa Makerere na Mbarara wananiuliza sana, dada mimi nataka kufanya utafiti wa mambo ya uzazi, nianzie wapi. Wengi wanategemea niwatajie mashine fulani ama skolashipu ya Ulaya. Mi nawaambia anza na tarehe.

Mwaka wangu wa kwanza maabara, hapa Kampala, nilikusanya damu za akina mama waliokuwa wanahangaika kupata mtoto, sampuli zaidi ya 60, nikawa nazibeba mwenyewe kwenye boksi la barafu nimelikumbatia juu ya bodaboda, nazizungusha kwenye sentrifuji, natoa seramu, yale maji ya damu yanayobaki juu, naweka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na umeme ukikatika usiku naamka kwenda kuona kama jenereta imewaka. Alafu siku moja supavaiza akafungua daftari langu akauliza, huyu alikuwa siku ya ngapi ya mzunguko wake? Sikuwa nimeandika. Hata ya mmoja.

Niliumia kweli, maana homoni za ovari, vile viungo vya mwanamke vinavyotunza mayai, hazitulii. FSH, homoni ya kutoka kwenye ubongo inayokuza mayai, tunaipima kati ya siku ya 2 na ya 5 tangu hedhi ianze, hapo ndipo unajua ubongo unaisukuma ovari kwa nguvu kiasi gani. Projesteroni, ya kuonyesha kama yai limetoka, inapimwa kama siku 7 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo ile "siku ya 21" mnayokariri darasani ni ya mwenye mzunguko wa siku 28, mwenye siku 35 yake ni ya 28. Damu isiyo na siku inakupa namba ambayo huwezi kuisoma, na yule mama alishachomwa sindano yake na nauli alishalipa.

Basi nikaongeza mstari kwenye fomu, nikafikiri nimemaliza. Kumbe bado. Akina mama wengi wanaotoka Arua, Koboko na Yumbe, kule kaskazini-magharibi mwa Uganda, hawajui Luganda, tunaongea Kiswahili, nauliza "siku zako zilianza lini?", mama anajibu Jumatano. Baadaye ndiyo nagundua Jumatano ndiyo siku aliyomaliza, akaoga, akarudi kuswali, kwake yeye mwezi mpya unahesabiwa hapo. Hajakosea chochote, mi ndiye sikuuliza vizuri. Siku hizi nauliza hivi: mama, siku gani uliona damu yenyewe, ile ya kukufanya utafute pedi, sio yale matone ya mwanzo? Na namsubiri akumbuke, simharakishi.

Na msidhani hili ni jambo dogo la karani. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF, yaani mimba iliyotungwa maabara, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1978, mama yake hakupewa dawa ya kukuza mayai mengi, walilifuata yai lake moja la mwezi ule kwa kupima mkojo wake tena na tena mpaka LH, homoni inayofanya yai litoke, ilipopanda, ndipo wakajua saa ya kwenda kulichukua. Robert Edwards, mwanasayansi wa kazi ile, alikuja kupata Nobeli mwaka 2010, lakini mi nikisoma habari ile namuwaza zaidi Jean Purdy aliyekuwa pale maabara akiandika na kuangalia hadubini. Kazi ile yote ilisimama juu ya kuhesabu masaa.

Kitu kingine, AMH, homoni inayotoka kwenye vijifuko vya mayai ndani ya ovari. Yenyewe haibadiliki sana ndani ya mwezi ndio maana watafiti tunaipenda, ila inaonyesha wingi wa mayai tu, haisemi kama mtu atashika mimba ama hatashika. Mtoto wa kike anazaliwa na mayai kama milioni 1 mpaka 2, akivunja ungo yamebaki laki kadhaa, na yatakayotoka maisha yake yote ni kama 400. Nimewahi kukaa na dada aliyeambiwa "mayai yako yameisha" kwa kipimo kimoja cha AMH, ameshamwambia mume, ameshamwambia ssenga, shangazi yake, nyumba inataka kuvunjika. Ukimpa mtu majibu yake, kaa chini umweleze. Na mume naye apimwe, msimwachie mke peke yake.

Kibali cha kamati ya maadili kitachukua miezi, ombeni mapema.

Mwezi uliopita mama mmoja alipanda basi usiku kutoka Yumbe akaja na kalenda ya ukutani ameikunja ndani ya leso, tangu Januari kila siku ya kwanza ameizungushia duara kwa biki nyekundu. Tukaitandaza mezani tukahesabu pamoja, siku 40, siku 52, siku 38, siku 47, na kabla sijagusa sindano tulikuwa tumeshaona wote wawili kwamba huenda kuna miezi yai lake halitoki.