Barua kwa mwanangu: Nani anajaza tangi?

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama ukiacha hospitali ukaenda kwenye ile kampuni changa ya chanjo huko Dar, kazi itakuwa na maana zaidi. Maana ipo. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa 1987, ikajaribiwa kwa watoto wa hapa Bagamoyo na wa Korogwe, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Miaka 34! Hakuna anayedumu humo kwa mshahara peke yake.

Lakini unajua nisemavyo siku zote: nia njema haigandishi kitu. Waulize kwanza nani anajaza tangi la naitrojeni, lile la kugandishia sampuli.

Naitrojeni ya maji, yaani gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa hiyo hupungua kila siku hata kama hakuna aliyegusa tangi. Kifuniko hakikazwi, gesi ikikosa pa kutokea, tangi hupasuka. Kina hupimwa kwa rula ya mbao: izamishe hadi chini, hesabu hadi kumi, itoe uipunge hewani. Ule weupe wa barafu unapoishia ndipo kina kilipo. Bomba lenye uwazi usitumie kamwe, naitrojeni itapanda humo ikurukie usoni. Madirisha yawe wazi, maana gesi ile hufukuza hewa chumbani na haina harufu ya kukuonya. Ukiona barafu imeota nje ya tangi, ombwe, ile nafasi isiyo na hewa kati ya kuta za tangi, limekwisha: hamisha sampuli saa hiyo hiyo, usingoje idhini ya mtu.

Lile tangi lililokauka Idd unalikumbuka, nyumbani hatukuongea jingine mwezi mzima. Gari la naitrojeni halikuja kwa sababu ankara ya nyuma haikulipwa. Zamu ya sikukuu haikuandikwa jina, kila mmoja akadhani mwenzake amepima. Rula ikatoka kavu. Damu ya watoto iliyokusanywa kwa miaka mitatu, vichupa vyenye namba za kuandikwa kwa mkono, vyote vuguvugu kama vimetoka mfukoni. Mama zao walikubali watoto wachomwe sindano kwa kuwa waliahidiwa damu ile itafanyiwa kazi. Na pale kila mtu alikuwa na nia njema. Inaniuma mpaka leo.

Pengine nawaonea hao wa Dar. Kwenye kampuni changa mtu mmoja hufanya kazi za watano, na kijana hujifunza upesi. Ila mtu wa kazi tano ndiye anayesahau tangi. Basi uliza: benki kuna mishahara ya miezi mingapi, na naitrojeni ya miezi mingapi? NSSF inapelekwa kila mwezi? Kibali cha NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, viko mkononi, au “vinafuatiliwa”? Wakikupa hisa, soma masharti: kwa kawaida huiva, yaani huwa zako kidogo kidogo, kwa miaka minne, na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza huondoki na kitu.

Mama yako anataka niseme uende au usiende. Jibu ninalo, limenikaa kooni, lakini acha likae. Siku ya usaili omba wakuoneshe daftari la tangi. Fungua kurasa za sikukuu, Idd, Krismasi, Saba Saba, utazame kama kuna saini.

Baba yako