Yaya, papa anataka mine, mi nataka kompyuta

Wiki hii barua tatu zilitoka Lubumbashi na zote zinaongea kintu kimoja, kazi kiisha univ. Ya kwanza nimeijibu murefu juu najua kuko wengi wako ndani ya ile shida na hawaandikake.

*Yaya, jambo. Mi niko mwaka wa pili polyteknike, tunaishi Katuba. Papa alitumika Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali, miaka 22 akatoka na depar volontere (kuacha kazi kwa kupenda na kulipwa), na toka nikiwa mutoto anasemaka mwana wake wa kwanza sherti akuwe enjenieri wa mine. Pwe zangu za masomo ziko muzuri, lakini roho haiko mule. Kila usiku niko ku kompyuta najifunza kuandika programu, nilisha tengenezea mama mumoja wa depo ya simenti kaprogramu ka kuhesabu stoki na akanilipa. Sasa karibu tuchague opsyo, njo tawi la masomo. Nikimwambia papa atasema nilikula minervale yake (feza ya masomo) bure. Nifanye nini?*

Mudogo wangu wa Katuba, nianze na papa juu we unamuona sawa ukuta lakini mi nasikia woga ndani ya maneno yake. Mutu wa Gécamines alikuwa na nyumba ya kampuni, hospitali, shule ya watoto, unga ya kila mwezi. Mwaka 1986 kampuni ilitoa karibu tani 476 000 za shaba, 1990 mine ya Kamoto ikabomoka, 1994 haikufika hata 50 000, na ilipofika 2003 na 2004 papa yako na wenzake zaidi ya 10 000 wakapewa feza ya mara moja wakarudi nyumbani na cheti mukononi. Mutu aliyeona vile haombi mwana wake akuwe enjenieri kwa kiburi, anaomba ile maisha irudi. Kwa hiyo usiende kumwambia "papa, mine sitaki", atasikia kama unatupa miaka yake 22.

Mwambie hivi, na ni kweli: mine ya siku zake na mine ya leo si kazi moja. Leo Kongo inapita tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, lakini enda ku miji ya mine, Fungurume ao Kolwezi, uone inavyotoka. Mawe yanasagwa, yanaingia ndani ya asidi, ile maji ya shaba inasafishwa, kiisha umeme unaikokota inashikana ku bamba linaloitwa katodi, na kila hatua iko na vipimo na otomati na mutu anayeangalia ekrani usiku na mchana. Kuko wanaochora karte na droni, kuko wanaofuata makamyo kwa GPS, na kuko wale wa magazini wanaohesabu pyese za kubadirisha, na pyese moja ikikosekana mashini kubwa inalala siku nzima. Soma tena barua yako. Ile kaprogramu ya depo ya simenti ni ile ile kazi, ukubwa tu njo tofauti!

Mi ningekuwa wewe ningeangalia elektromekanike, si juu inafurahisha papa, ni juu pale umeme na otomati na kompyuta vinakutana, na mutu anayejua mashini NA kuandika programu hawako wengi hapa kwetu. Lakini usichague juu mi nimesema. Kabla ya kujaza ile fishe tafuta watu watatu wanaotumika: mumoja wa mine, mumoja wa otomatike, mumoja wa informatike anayejitegemea, na usiwaulize "kazi yako ni muzuri?" juu kila mutu atasema ndiyo ama atalia mushahara. Waulize "jana toka saa moja asubuhi mpaka ulipotoka ulifanya nini?" Mutu akikuhadisia siku yake nzima, mwili wako wenyewe utajua kama unaipenda ao hapana. Mi nilisoma mambo ya ualimu juu kaka yangu mukubwa alisoma ualimu, sikuuliza mutu hata mumoja siku yake inapitaka namna gani, nikajua mbele ya klase ya watoto 60 na nilikuwa nimesha maliza miaka yote ya masomo, na ile machozi ya muhula wa kwanza siwezi kuisahau.

Tena usikimbilie kintu juu bei yake imepanda. Watu walisema kobalti, kobalti, Kongo njo inatoa karibu 70 kwa 100 ya kobalti ya dunia, na mwaka 2025 serikali ikasimamisha kuituma inje kwa miezi kiisha ikaweka kota, njo kipimo cha kiasi cha kutuma. Aliyejua kobalti tu alibaki anangojea. Aliyejua pompe, umeme, programu, alihama shantie, akaenda kutumika kwengine.

Kulikuwa profesa mumoja wa Stanford kule Marekani, John Krumboltz, 1999 yeye na wenzake wawili waliandika kintu ninachokipenda sana: kwamba kazi ya mutu mara mingi inatoka ku bahati asiyoipanga, lakini bahati inakuta yule anayetembea, anayeuliza, anayejaribu na kurudilia hata akishindwa. Ule mama wa simenti hukumupanga. Alikukuta unajua kintu. Sasa omba wenye depo wengine wawili, omba na kampuni moja ndogo ya sutretansi (ile inayofanya kazi kwa niaba ya kampuni kubwa), juu sheria ya 2017 inaachia sutretansi kampuni ambazo mtaji wake mukubwa uko mukononi mwa Wakongomani, na mingi ya zile kampuni stoki yao ingali ndani ya kaye. Na siku utaonyesha papa ile programu, usimuonyeshe ekrani tu, mupeleke kwa ule mama, amuone anaitumikisha.

*Yaya, mi ni binti, niko mwaka wa mwisho ku sheria. Wote nyumbani wananiitaka "Mètre", baba mudogo anasema nitakuwa avoka na akimaliza kusema anacheka kwa furaha. Mi naogopa kuongea mbele ya watu mpaka mikono inatetemeka. Nilipoteza miaka?*

Hapana, mudogo wangu, hukupoteza. Lakini tutenganishe mambo mbili, juu kutetemeka si alama ya kwamba kazi si yako, wengi waliotetemeka mwaka wa kwanza wanaongea leo bila karatasi. Kuwa avoka kwetu inaomba kiapo mbele ya Kuru d'Apel na staje ya miaka 2 chini ya avoka mukubwa, na ile miaka 2 mutu anaandikaka kuliko anavyoongea. Kwa hiyo woga peke yake usikufukuze. Kintu nataka ujiulize ni hiki: siku uliandika kazi ya kozi na ukasahau kula, ilikuwa kozi gani? Kama ilikuwa mikataba, kuko kampuni zinazotafuta mutu wa kusoma kontra mustari kwa mustari. Kama ilikuwa sheria ya kazi, kuko biro za wafanyakazi. Kama ilikuwa mambo ya feza ya serikali na mupaka, enda Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, siku moja, angalia makamyo yanavyopangana kungojea karatasi, na ujue kila kamyo iko na mutu wa dwane (ushuru wa mupaka) anayejua sheria ao anayejifanya kujua, na dereva analipa kosa lake kwa kulala barabarani. Mutu makini anahitajiwa pale sana.

Ku staje usikubali kupitisha miezi ku fotokopi. Mi nilifanya staje kwa biro moja, miezi miwili nilibeba karatasi na kuleta chai, hakuna aliyenifundisha na mi sikusubutu kuomba. Omba siku ya kwanza kabisa: "nataka kuandika kintu kimoja na munisahihishie." Wakikataa, ujue mapema, utafute kwengine. Na baba mudogo mwachie furaha yake. Akuite Mètre, wewe unajua unakoenda.

*Yaya, nilimaliza ekonomi, miaka miwili sina kazi. Nataka kwenda INPP, shule ya serikali ya kufundisha kazi, kujifunza kusude (kuunganisha fera kwa moto). Mama anasema watu watamucheka, mwana wa univ anashika fera.*

Enda. Enda Juma tatu. INPP iko toka 1964, imefundisha watu kazi ya mikono kabla we na mi hatujazaliwa, na musuderi anayejua pia kuhesabu bei ya bati, kuandika fakture na kuongea na banki, ule diplome yako hajautupa, anautumikisha kila siku. Uliza kwanza siku za kuandikishwa na feza yake, uliza mafunzo ya suduri ni miezi ngapi, kiisha kaa na mama umwambie hesabu yote, juu mama anaogopa aibu lakini mama huyo huyo anajua bei ya mulango wa fera hapa muji, labda alisha nunua mumoja. Mwambie mulango wa nyumba unaokuja, wewe njo utautengeneza.