Kabla ya Kununua Kamera Nyingine, Jua Picha Yako Inakwama Wapi

Ukiniuliza kati ya ujuzi na vifaa kipi kina uzito zaidi, nakujibu ujuzi, bila kusita. Lakini jibu hilo likiachwa hapo linampotosha mtu. Zipo picha ambazo hata fundi aliyebobea hazipati akiwa na lenzi isiyofaa, na kumwambia anayeanza kwamba "kamera si kitu" ni kumwacha ahangaike na jambo ambalo juhudi zake haziwezi kulitatua. Kinachomsaidia ni kujua picha yake inakwama wapi.

Mimi napiga zaidi picha za watu, kwa hiyo nianze na uso. Msimamishe mtu karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, bega lake likielekea kwenye kioo. Zima taa ya juu. Watu wengi huiacha ikiwaka wakidhani inaongeza mwanga, kumbe inatia weusi machoni na rangi ya manjano upande mmoja wa uso, huku upande wa dirisha ukielekea kwenye buluu. Kamera haiwezi kusawazisha rangi mbili kwa wakati mmoja. Sasa mwombe ageuze uso polepole kuelekea dirishani, nawe tazama kivuli cha pua kinavyosogea shavuni. Kuna mahali kivuli hicho kinakuwa laini na nukta ya mwanga inatokea katika macho yote mawili. Piga hapo. Kwa simu ya kawaida utapata picha ambayo kamera ya bei kubwa mikononi mwa asiyeuona mwanga haitaifikia.

Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipenda kupiga uani kwa mwanga wa mchana, na kitambaa cha kwanza alichotundika nyuma ya wateja wake kilikuwa shuka la kutandikia kitanda chake. Zitazame picha zake uone alivyowapanga watu: mabega yalivyoinamishwa, mikono ilivyowekwa, maua ya nguo yanavyokutana na maua ya kitambaa cha nyuma. Hakuna kitufe cha kazi hiyo kwenye kamera yoyote. Vivyo hivyo kwa watoto: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Piga magoti hadi lenzi ifike usawa wa macho yao, na picha itabadilika papo hapo.

Sasa twende ukumbini usiku, watu wanacheza. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera, ukizivuta hadi mwisho ili kukuza picha, tundu lake la kuingizia mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga takriban mara kumi ya huo. Maana yake ni kwamba pale ambapo f/5.6 inakulazimisha kupiga kwa sekunde 1/15, f/1.8 inakuruhusu kufika 1/125 kwa ISO ile ile, yaani kipimo kile kile cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga. Kwa 1/15 mchezaji anageuka ukungu. Unaweza kupandisha ISO, ila picha inaanza kuwa na chengachenga na rangi ya ngozi inachujuka. Ujuzi unasaidia kwa mtu anayehutubia, kwa sababu kila msemaji hutulia kidogo anapomaliza sentensi, nawe unaweza kusubiri utulivu huo. Mchezaji hatulii. Hapo tatizo ni mwanga usiofika kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachoupokea, na hauongezwi kwa kipaji.

Umbali nao ni hivyo. Ukikuza picha kwa vidole kwenye simu, mara nyingi unakata tu kipande cha katikati: ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, megapikseli 24 zimebaki 6. Ndege aliye juu ya mti anahitaji lenzi ndefu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chukua picha zako ambazo hazikukuridhisha, uziweke mbele yako, na kwa kila moja taja kasoro yake kwa jina. Nguzo imeota kichwani mwa mtu, uso ni mweusi kwa sababu dirisha liko nyuma yake, macho yamefumba, umesimama mbali mno: hizo zote ni zako, na kamera mpya itazipiga hivyo hivyo, tena kwa ubora zaidi. Kama kasoro zinazojirudia ni giza, mwendo na umbali, hapo ndipo fedha inafaa kutoka.

Na ikitoka, anza na lenzi. Ile ya milimita 50 yenye f/1.8 huwa miongoni mwa lenzi za bei nafuu kwa karibu kila kampuni ya kamera, na kwa kuwa haivutiki, itakufundisha kusogea kwa miguu. Kisha flashi inayogeuza kichwa. Ielekeze kwenye dari nyeupe, mwanga urudi chini ukiwa laini. Kwangu flashi hiyo ilibadilisha kazi zaidi ya mwili wowote wa kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, niliowahi kushika.

Mwili wa kamera uje mwisho, isipokuwa umeanza kupokea kazi za kulipwa. Hapo nakushauri kwa mkazo upate wenye nafasi mbili za kadi za kuhifadhia picha, kila picha iandikwe kote kote, maana harusi hairudiwi kwa sababu kadi imeharibika. Usiponunua, kodi. Ila kichukue kifaa mapema kabla ya siku ya kazi, ukae nacho chumbani taa zikiwa zimezimwa, mpaka vidole vyako vijue vitufe vya ISO, shata (muda wa kuingiza mwanga) na fokasi (kulenga picha iwe kali) bila kutazama.