Mshale wa spidi ukicheza, anza na kebo

Volkswagen Beetle yangu ni ya 1972, na kwa karibu mwaka mzima mshale wa spidomita ulikuwa na wazimu wake. Nikivuka daraja la Nyali hapa Mombasa polepole nyuma ya matatu, unaruka 20, 50, 10, 40. Barabara ikifunguka, nikakanyaga mafuta kuelekea Bamburi, unatulia. Abiria walicheka. Mimi sikucheka, maana mjini mwisho ni 50, na askari wa trafiki hataki kujua habari za mshale wako.

Fundi wa kwanza alisema spidomita imekufa, nitafute nyingine. Nilikuwa nishaanza kuulizia bei nilipomsimulia mzee mmoja jirani yetu Kibokoni, aliyewahi kuwa na gari kama hili.

"Ami, spidomita imeniharibikia."

"Yatetema wakati wote, au ukenda polepole tu?"

"Polepole tu."

"Basi haina kosa. Itazame kebo."

Ndani ya spidomita za zamani kuna sumaku inayozungushwa na kebo. Sumaku haigusani na mshale: huvuta kikombe chembamba cha alumini kilichoshikana nao, na springi ndogo kama unywele hukirudisha nyuma. Kwa hiyo kebo ikikwama kidogo halafu ikajiachia ghafla, mshale nao hurusha miguu. Ukienda kasi, mikwamo hiyo hufuatana haraka hata mshale haupati nafasi ya kuitikia.

Kwenye Beetle kebo haitoki kwenye giaboksi kama magari mengi. Inazungushwa na gurudumu la mbele, ncha yake ya pembe nne ikipenya kwenye kifuniko cha grisi katikati ya gurudumu. Nilichomoa kipini kinachoishikilia ncha hiyo, nikafungua kebo nyuma ya dashibodi, nikauvuta uzi wa ndani. Ulitoka na kutu nyekundu. Chumvi ya bahari haina huruma, na ule mpira wa kuzuia maji pale kebo inapoingilia gurudumuni ulikuwa umepasuka zamani.

Uoshe uzi kwa mafuta ya taa, upanguse, kisha uuviringishe juu ya meza ya kioo. Ukiviringika bila kurukaruka, uko sawa. Ukiinuka mahali fulani kila mzunguko, hapo umepinda, na uzi uliopinda haunyooshwi, nunua mwingine. Angalia pia ncha na tundu la kile kifuniko: pembe zikilika zikawa duara, kebo itateleza hata ikiwa mpya. Wangu ulikuwa na kutu tu.

Hapa ndipo nilipokosea. Kwa furaha niliupaka grisi kote, kuanzia chini hadi juu. Baada ya siku chache mshale ukawa mzito, ukabaki juu hata gari likiwa limesimama. Kumbe uzi unapozunguka huipandisha grisi hadi ndani ya spidomita. Ilibidi nipeleke spidomita kwa fundi wa saa akaisafishe, na usafi huo ulinigharimu kuliko kebo mpya. Paka grisi nyepesi, kidogo, kwenye theluthi mbili za chini tu. Theluthi ya juu iache kavu.

Niliporudisha, mshale bado ulitetema kidogo karibu na 30. Nilichungulia nyuma ya dashibodi, nikakuta kebo imekunjwa kwa pembe kali ili kukwepa waya za redio, ambazo niliziweka mwenyewe. Nikazisogeza waya, kebo ikapata mviringo mpana, mshale ukatulia.

Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu, nilimweka binamu yangu kando yangu garini akisoma spidi kwenye simu. Mimi nikiona 50, yeye anasoma 47. Hiyo ni kawaida. Spidomita nyingi hutengenezwa zizidishe kidogo, na siigusi tena.