Mkitafuta kinachokawiza ishara, anzeni na waya

Wadogo zangu mnaoanza kuchora saketi za ndani ya chipu, nianze na kosa langu mwenyewe.

Kazi hii naifanyia nyumbani, Lamu mjini, chumba cha juu ambako intaneti inashika. Nilijifunzia mchakato wa nanomita 130, yaani njia mojawapo ya kutengeneza chipu, ambao Google na SkyWater waliuweka wazi mwaka 2020, yeyote akaweza kupakua kanuni zake na kuchora kwa programu za Magic au KLayout bila kutoa hata senti. Saketi yangu ya kwanza ilikuwa ndogo. Simulesheni ikasema iko sawa, na ukaguzi wa kanuni za mchoro haukutoa kosa hata moja. Nikateremka barazani kunywa kahawa, roho nyeupe.

Niliporudi nikaiambia programu ikokotoe ukinzani na kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) za waya kutoka kwenye mchoro wenyewe, nikaiendesha tena simulesheni. Ishara moja ikawa inafika imechelewa vibaya. Siku mbili nzima nikazitesa transista, zile swichi ndogo za chipu, kwa maswali, kumbe hazina kosa. Kosa lilikuwa waya wa mikroni 200 nilioupitisha kwenye tabaka la chini kabisa, lile la titani-naitraidi lililokusudiwa kuunganisha vitu vilivyo jirani. Hilo lina ukinzani wa ohmu 12.8 kwa kila mraba. Waya wangu ulikuwa na upana wa mikroni 0.17, na urefu ukigawanywa kwa upana ni miraba 1,176 iliyopangwa foleni: ohmu 15,000! Nikauhamishia tabaka la kwanza la alumini, lenye ohmu 0.125 kwa mraba, zikabaki ohmu 150 hivi. Transista sikugusa hata moja.

Hesabu ya miraba basi iwe kichwani kabla mkono haujashika kipanya. Mafundi wa nyumba zetu za mawe walijua hili kwa njia yao. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mkandaa zina urefu wake, na upana wa chumba hauwezi kuupita. Fundi aliianza ramani kutoka kwenye boriti. Nanyi ianzeni kutoka kwenye matabaka mliyonayo: ya chini ni kwa safari fupi, ya juu ni manene na mapana, yawekeeni nguvu ya umeme, kloki (ishara inayopigia saketi mapigo) na ishara za masafa.

Jambo la pili linawashangaza wengi. Waya ukirefuka mara mbili, ukawiaji wake unaongezeka mara nne, kwa kuwa ukinzani na kapasitansi vyote viwili vinakua pamoja. Ndiyo maana waya mrefu hukatwa katikati na kuwekewa bafa, saketi ndogo inayoipa ishara nguvu upya: kila nusu inakawia robo, jumla inakuwa nusu, ongeza na muda wa bafa yenyewe. Kwa waya mfupi bafa ni hasara tupu. Na kabla ya bafa jiulizeni mbona waya ni mrefu. Mara nyingi jibu ni kwamba sehemu mbili za saketi zinazozungumza kila wakati zimewekwa kwenye pembe mbili za chipu zilizo mbalimbali. Zisogezeni karibu. Inauma kuvunja mchoro wa wiki nzima, najua.

Majirani nao wana lao. Waya mbili zikienda sambamba masafa marefu, moja ikipanda volti wakati nyingine inashuka, kapasitansi iliyo kati yao huhesabika kama mara mbili. Ziachanisheni, au pitisheni waya wa ardhi katikati.

Kwenye transista pana, ikunjeni iwe na vidole kadhaa, yaani vipande sambamba, dreini (ncha yake ya kutolea) ikae kati ya geti mbili (sehemu zinazoiwasha na kuizima) ili itumiwe na zote. Eneo la dreini linapungua, na kapasitansi yake pia. Tena geti ya polisilikoni ya kila kidole inakuwa fupi. Na pale waya unapobadilisha tabaka msiweke via (kiungo cha kupandisha waya tabaka jingine) moja mkaridhika, nafasi ikiwepo wekeni mbili au zaidi.

Siku hizi sichori kitu kabla ya kuandika kwenye karatasi waya tatu ndefu kuliko zote, na kando ya kila moja: tabaka, upana, miraba. Karatasi yenyewe naibandika ukutani kwa sababu stima hapa hupotea bila hodi.