Angalia kitambaa kwanza, bei baadaye: kwa wachoraji wenzangu wa Mwanza

Kila zikitoka habari za mnada mkubwa huko New York au London simu yangu inajaa meseji, wale vijana wanaoniletea kazi zao nizipige fremu hapa Kirumba wananitumia picha ya kitu kimeuzwa mabilioni alafu swali ni lile lile, kaka na sisi tufanyeje tufike huko. Nimekuwa nawajibu mmoja mmoja ila naona bora niandike mara moja maana swali lenyewe ni zuri na linastahili jibu refu. Mimi ni mchoraji na ni fundi fremu, kazi za watu zinapita mikononi mwangu, nazigeuza mbele na nyuma, na ninachotaka kusema ni kimoja tu. Hizo habari msiache kuzisoma, zisomeni sana, ila mkizisoma muanze kuangalia mtu kachora kwenye nini, katumia nini, na hicho kitu kakitoa wapi. Bei iacheni mwishoni.

Tuanze na hiyo bei ili tuimalize. Novemba 2024 ile ndizi ya msanii wa Italia Maurizio Cattelan iliyobandikwa ukutani kwa gundi tepu iliuzwa na kampuni ya minada ya Sotheby's New York dola milioni 6.2, aliyeinunua, mfanyabiashara Justin Sun, akaimenya akaila mbele za watu, na huku kwetu ambako ndizi za Bukoba zinashuka bandarini kwa mikungu watu walishangaa wiki nzima. Kilichouzwa pale ni cheti na maelekezo ya kuibandika, ndizi yenyewe ikianza kuoza unaweka nyingine. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2025, hapo hapo Sotheby's, picha ya mchoraji wa Austria Gustav Klimt ya mwanamke anaitwa Elisabeth Lederer ikafika dola milioni 236.4. Klimt alikufa 1918. Kwaiyo unaposoma "mchoraji kauza" jiulize kwanza ni nani kauza.

Mfano wa karibu zaidi ni mchoraji Amoako Boafo wa Ghana. Februari 2020 picha yake moja ilipelekwa mnadani London, makadirio yalikuwa pauni elfu 30 mpaka 50, bei iliyogongewa nyundo pamoja na makato ya mnada vikaishia pauni 675,000. Wengi walidhani Boafo katajirika siku ile, wakati picha alishaiuza zamani kwa hela ndogo sana ukilinganisha na hiyo. Mnada ni kama mtumba, nguo ishalipiwa dukani kitambo, wanaogawana hapo mara nyingi ni wengine kabisa. Mchoraji anakula zaidi kwenye mauzo ya kwanza, na kama anauza kupitia galari, yaani nyumba ya kuonyesha na kuuza kazi za sanaa, mara nyingi wanagawana nusu kwa nusu. Hayo ndiyo mambo ya bei ambayo kijana wa Mabatini au Igoma anatakiwa kuyajua, mengine yanakutesa bure.

Sasa tuje kwenye kitambaa.

Mchoraji Michael Armitage, kazaliwa Nairobi 1984, naye ana stori ya mnada, 2019 kazi yake ilifika dola milioni 1.5 wakati walitegemea elfu 50 mpaka 70, lakini sitaki mkae hapo. Armitage hachori kwenye kanvasi. Anachora kwenye lubugo, lile gome la mti wa mutuba ambalo Waganda wanaligonga kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa kitambaa chekundu chekundu, kitambaa cha heshima, cha kuzikia watu. Ni ng'ambo tu hapo ya ziwa letu, na wazee wa Kihaya nao walilivaa gome. UNESCO ilishalitambua tangu 2005 kama urithi wa dunia nzima. Armitage alikutana nalo sokoni Nairobi linauzwa kama vitu vya watalii. Lubugo lina matundu, lina sehemu limeshonwa, halinyooki kama kanvasi ya dukani, na yeye haya matundu hayafichi, anayaacha yaamue mstari upite wapi, mkono wa mtu unakatikia kwenye mshono, uso unapindia kwenye tundu. Hiyo ndiyo sababu ukiiona kazi yake hata kwenye simu unajua ni ya kwake.

Nilishawahi kuletewa kazi na kijana mmoja wa Ukerewe, kaichorea kwenye kipande cha tanga. Tanga la kweli, amerikani iliyokwisha kwa jua, ina viraka vitatu na upande mmoja kuna kamba bado imeshonewa ndani ya pindo. Kachora wavuvi wa dagaa usiku, zile taa juu ya maji na nyuso za watu zinazowaka kwa chini, na kiraka kikubwa kimeangukia sawasawa pale penye nyavu. Alichokuwa anataka ni nikate pembeni kote ibaki safi mraba, nitoe na kamba, iingie kwenye fremu ya dhahabu. Nikamwambia mdogo wangu hapana, hii hatukati. Tukaishikiza nzima kwenye ubao mweupe, kamba na kila kitu kinaonekana, nikaweka fremu pana bila kioo. Akaingia mzee wa Kayenze kufuata fremu ya picha ya harusi ya binti yake, akasimama pale muda mrefu, hakuuliza bei wala mchoraji ni nani, alikuwa anafuata mishono ya kile kiraka kwa kidole anatuambia huyu aliyeshona alishona ili tanga lisichanike upepo ukigeuka ghafla. Yule kijana alikuwa hajui. Mtu anakuja kukufundisha kazi yako mwenyewe kwa sababu umemwekea mbele kitu anachokijua, hapo ndipo nilipoelewa kwa mikono Armitage anafanya nini.

Kama unataka kujaribu, ukipata tanga la pamba lifue kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka ile shombo ya dagaa itoke, maana mafuta ya samaki yakibaki rangi haishiki. Likikauka livute kwenye fremu ya mbao, pakaa gundi ya mbao nyeupe umeichanganya na maji iwe nyepesi, iache ikauke kabisa, alafu rangi ya maji nyeupe mara mbili. Kwenye sehemu unayotaka kitambaa kionekane usipake nyeupe, ishia kwenye gundi. Viroba vya nailoni vya unga achaneni navyo kwa kazi unayotaka idumu, rangi inabanduka kama magamba, nimeona nyingi zinarudi.

Na sio Armitage peke yake. Kuna maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice kule Italia, ambako nchi mbalimbali zinaweka banda lao, Uganda walienda mara ya kwanza 2022 na wakarudi na tuzo ya kutajwa maalumu, mmoja wa wasanii wawili alikuwa Acaye Kerunen ambaye kazi zake ni ukili, nyuzi za mgomba, matete, vitu vinavyosukwa na kina mama, yaani vitu ambavyo hapa ukishuka kwenye kivuko cha Kamanga unavikuta vimewekwa chini vinauzwa. El Anatsui wa Ghana aliunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya mpaka Tate Modern, jumba kubwa la sanaa la London, wakampa ule ukumbi wao mkubwa 2023. Lubaina Himid kazaliwa Zanzibar 1954, kachukuliwa mtoto mchanga kwenda Uingereza, na bado kanga imo kwenye kazi zake mpaka leo, akashinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, 2017 akiwa na miaka 63, na ndiye aliyechaguliwa kuiwakilisha Uingereza Venice 2026. Hiyo Venice ya 2026 aliyeipanga ni Koyo Kouoh, mzaliwa wa Kameruni, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupewa kazi hiyo, amefariki Mei 2025 kabla haijafunguliwa na timu yake ikaamua kuendeleza mpango wake kama alivyouacha. Iliniuma sana ile habari.

Sisi Tanzania tumeingia Venice na banda la taifa 2024, kina Haji Chilonga, Happy Robert, Lute Mwakisopile na Naby. Hiyo nayo muitafute muisome, ni ya kwetu.

Watu wananiambia kaka ila watalii wanaopita kwenda Serengeti wanataka Mmasai na jua linazama. Ni kweli, na mwenye kulisha watoto kwa hizo kazi namuheshimu, mimi mwenyewe nazipiga fremu kila wiki. Lakini Edward Saidi Tingatinga alichorea hardibodi kwa rangi za baiskeli pale Oysterbay kwa sababu ndivyo vitu vilivyokuwepo na vya bei rahisi, na alikufa 1972, leo mtu anaiga twiga wake anaacha kuiga ule ujasiri wa kuchukua kilichopo mtaani. Tenga jumapili moja uende makumbusho ya Wasukuma ya Bujora pale Kisesa na daftari la kuchorea, ukae na zile ngoma za watemi, uangalie rangi na michoro ya Kisukuma kwa utulivu, piga hesabu ya nauli na kiingilio tu. Au nenda soko la samaki la Mwaloni alfajiri dagaa wanaposhushwa. Uchore pale pale, usipige picha ukachore nyumbani.

Kingine, na hapa dada zangu na wadogo zangu naomba mnisikilize. Zinakuja imeili kwamba umechaguliwa kwenye maonyesho ya kimataifa Ulaya, kazi yako imependwa, tuma euro kadhaa za kulipia nafasi ukutani. Na mimi nilitumiwa, nikawauliza ni nani huwa anakuja kununua hapo kwenu na mmeuza kazi ngapi za watu wa Afrika, hawakujibu tena. Galari inayokutaka inaishi kwa kuuza kazi yako, haiishi kwa ada yako. Kama unatafuta pa kuanzia, ulizia Nafasi Art Space pale Mikocheni Dar, wana studio na mafunzo, na Kampala pia usiidharau, Sungi Mlengeya ni Mtanzania, aliacha kazi ya benki, kajifunza mwenyewe, na galari ya Kampala ndiyo iliyombeba mpaka dunia ikamjua. Kutoka hapa Mwanza Kampala haiko mbali kihivyo.

Wote hao wakikuuliza wataomba picha za kazi, na hapa ndipo vijana wengi wanakwama, picha imepigwa usiku chini ya balbu, fremu imepinda, kuna mguu wa mtu pembeni. Toa kazi nje asubuhi kivulini, simama nayo sawa, piga nzima kwanza, alafu piga karibu ionekane rangi imekaaje kwenye kitambaa. Nyuma ya kazi andika kwa penseli jina lako, jina la kazi, mwaka, vipimo kwa sentimita, na umechorea nini, na kama ni tanga la Ukerewe andika tanga la Ukerewe, usiandike kanvasi. Daftari la mauzo nalo muhimu, nani kanunua, lini, kwa shilingi ngapi, maana mtu akitaka kukuandikia au kukuombea maonyesho atataka kujua kazi zako ziko wapi. Anayetaka kuonyeshwa hilo la tanga linavyovutwa kwenye fremu apite Kirumba jioni, aje na kitambaa chake kikiwa kishafuliwa.