Kabla hujampeleka mgonjwa wa figo kwenye MRI

Huku Tanga ukisema tu nyumbani kuna mgonjwa wa figo, hukosi mtu wa kukwambia, "Mpelekeni Dar akapigwe MRI," kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Mimi nimemuuguza mjomba wangu wa Chumbageni, na ushauri huo unaniumiza, maana familia inachangishana nauli na pesa za kipimo kabla hata mgonjwa hajapimwa mkojo.

Hali ya figo hujulikana kwanza kwa damu, mkojo na ultrasaundi. Daktari huchukua kiwango cha kriatinini, yaani taka ya misuli iliyomo kwenye damu, pamoja na umri na jinsia, akakokotoa kasi ya figo kuchuja damu. Ikikaa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu, na hapo sumaku haijahitajika.

MRI ina mahali pake. Mjomba aliandikiwa kwa sababu ultrasaundi ilionyesha vifuko vya maji vimejaa figo zote mbili, ule ugonjwa wa kurithi. Daktari alitaka ujazo kamili wa figo, kwani zikiwa kubwa mno kwa umri na urefu wa mtu, ni dalili kwamba huenda zikachoka mapema. MRI hutumika pia kuchunguza mishipa ya figo iliyosinyaa, au uvimbe unaotiliwa shaka. Habari za MRI kupima oksijeni na makovu ndani ya figo ni za kweli, ila kwa sehemu kubwa bado ziko kwa watafiti. Muulize daktari: jibu la kipimo hiki litabadilisha nini kwenye matibabu?

Pa kusimama imara ni kwenye dawa ya kung'arisha picha. Ina gadoliniamu, na figo ndizo zinazoitoa mwilini. Mwaka 2006 madaktari wa Ulaya waliihusisha na ugonjwa wa ngozi kukakamaa na viungo kukaza, kwa watu ambao figo zao zimechoka sana. Dawa za sasa zilizo salama zaidi zina hatari ndogo mno, lakini kasi ya kuchuja ikiwa chini ya 30 lazima wapiga picha wajue kabla ya sindano. Beba majibu ya kriatinini ya karibuni, uyaonyeshe wewe mwenyewe chumba cha picha, usingoje kuulizwa. Mjomba hakuchomwa: ujazo na vifuko huonekana bila dawa hiyo.

Mfanyishe mgonjwa mazoezi ya kuzuia pumzi nyumbani. Figo hupanda na kushuka mtu anapopumua, kwa hiyo ataambiwa atoe pumzi na aizuie, mara nyingi sekunde 15 hadi 20, huku mashine ikigonga kama mafundi wanaopiga bati. Mjomba alijaribu barazani jioni mpaka akazoea. Avue pete na saa, na kama ana chuma au kifaa cha moyo mwilini, semeni mapema.

Watoto wa mjomba, kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi ugonjwa huo wa vifuko. Hao wakubwa tunaanza nao hospitali ya Bombo, hapa Tanga, kwa ultrasaundi na presha.